Alama Iliyofunguliwa na Mheshimiwa

Nchi yenyewe sitaitaja, maana jina lake ni mali ya serikali na kibali cha kulitumia sina. Msomaji akidhani anaijua, amejidhania mwenyewe. Ni nchi nzuri, yenye misimu miwili ya mvua na mikutano isiyo na msimu, na ina desturi moja ambayo sharti niieleze kabla sijafika mbali: hakuna kitu kinachoanza chenyewe. Kisima hakitoi maji mpaka kifunguliwe na mgeni rasmi. Choo cha soko kuu kilikaa na kufuli mwaka mzima, wachuuzi wakijisitiri nyuma ya vibanda, kwa kuwa mkubwa aliyepangiwa kukata utepe alikuwa safarini. Hakuna aliyenung'unika. Watu walijua kwamba choo ambacho hakijafunguliwa na mkubwa hakina baraka.

Shida iko upande wa pili. Kufungua kuna pilau, kuna matarumbeta, kuna picha gazetini. Kufunga hakuna hata soda. Na desturi inasema alichokifungua mkubwa hakifungwi na mdogo; akifunge mwenyewe, au aje aliye juu yake. Wakubwa nao hawapati wasaa wa kurudi kufunga, kwa sababu wana vingine vya kufungua. Ndiyo maana katika Ukumbi wa Maridhiano semina ya matumizi bora ya muda, iliyofunguliwa na waziri aliyefariki kabla ya kuja kuifunga, inaendelea mpaka leo. Washiriki wameota mvi. Wengine wameoana humo humo. Kila asubuhi wanaletewa chai na maandazi, na mada iliyo mezani bado ni ile ya kwanza.

Kidawa binti Mbaruku aliyajua haya tangu utoto na hakuwahi kuyatilia shaka. Alikuwa mwanamke mwembamba wa miwani, anayesema polepole, aliyeajiriwa na Wizara ya Majina na Makazi kwa cheo cha Msahihishaji wa Alama, daraja la pili. Kazi yake ilikuwa kutunza Mwongozo wa Mjuzi. Aliipenda, jambo ambalo wenzake waliliona kama ugonjwa mdogo usioambukiza.

Mjuzi si mtu. Ni programu inayokaa ndani ya kompyuta za serikali, mtumishi asiyelala wala kudai posho. Ofisi yoyote ikitaka kujua kama fulani yupo na anakaa wapi, humuuliza Mjuzi. Naye hulipeleka swali Ghala Kuu la Majina, akarudi na jibu. Ili asichoke kwenda na kurudi, kila jibu hulihifadhi kinywani, na akiulizwa tena hulitoa lile lile. Ni utaratibu wa busara. Ila umeme wa nchi hii una hiari yake, na ukikatika Mjuzi akiwa njiani, hujibu "Hayupo", halafu hilo nalo akalihifadhi kinywani.

Waliomtengeneza walilifikiria jambo hilo. Katika Mwongozo wakaandika sura ya kwanza kabisa, "Kumsahaulisha Mjuzi", inayomwonyesha karani amri fupi ya kumfanya ateme yote aliyohifadhi na kwenda kuuliza upya. Tatizo ni kwamba sura hiyo haikuwahi kuchapishwa. Na sheria ya utumishi ilisema karani atatenda yaliyochapishwa kwenye Mwongozo, asipunguze wala asizidishe.

*

Baba yake Kidawa, Mzee Mbaruku, alikuwa mchora vibao. Nusu ya maduka ya mji yanajulikana kwa mkono wake. Alikuwa na namna yake ya kazi: herufi ya kwanza huchora mwanzo wa ubao, ya mwisho huchora mwisho wa ubao, kisha hurudi kati kupima na kujaza. Alisema mchoraji mwenye pupa huufikia ukingo wa ubao neno lingali katikati, na hapo hucheka na kumwonyesha mgeni duka la jirani, lililochorwa na mtu mwingine, linalosomeka mpaka leo "Duka la Da".

Mzee alikanyaga msumari. Mtu mwingine angepaka mafuta ya taa akaendelea na shughuli zake, lakini yeye alikuwa na kisukari, na kidonda hakikufunga. Kidawa akampeleka Hospitali ya Taifa. Langoni karani mpole mwenye tai alilichapa jina, akangoja. Taa zikazimika, zikarudi. Karani akasoma skrini, na uso wake ukajaa huruma.

"Mzee, pole sana," akasema. "Lakini hupo."

"Sipo wapi?"

"Hupo kabisa, mzee wangu."

Mzee Mbaruku akautazama mguu wake uliofungwa kitambaa, akauliza basi huo unaomuuma ni wa nani. Karani akafungua Mwongozo, akaupekua kwa bidii ya kweli, akasema kwamba habari za miguu hazimo. Akawashauri warudi mzee atakapokuwepo. Walirudi kesho yake, na wiki iliyofuata, umeme ukiwaka vizuri kabisa, na kila mara Mjuzi alitoa jibu lake la siku ile.

Kuna jirani yao aliyewasitiri, Sista Anatolia, muuguzi wa chumba cha vidonda katika hospitali ile ile. Kila akitoka kazini alipitia kwao na mkoba wake, akakiosha kidonda na kumdunga mzee sindano kwa dawa zilizobaki chini ya chupa za wagonjwa waliopo. Alimweleza Kidawa uani, kwa sauti ya chini, bila kumficha. Wangemkata vidole viwili sasa, mzee angepona. Wakichelewa, ni mguu. Wakichelewa zaidi, alisema, hatajua tena amwambie nini. Sindano zake zilikuwa za kuzuia tu.

*

Kidawa akarudi mezani kwake na kuufungua Mwongozo wenyewe, ule ambao haujachapwa, wenye alama zote ndani. Yafaa nieleze, maana si wote wanaokula mkate huu. Kitabu cha namna hiyo huandikwa pamoja na alama ambazo msomaji hazioni. Moja huiambia mashine herufi zinenepe kuanzia hapa, na mwenzake huiambia sasa basi. Ipo nyingine isemayo: kuanzia hapa ni maneno ya pembeni ya mwandishi, usiyachape, na mwenzake husema, haya, endelea kuchapa. Kila alama iendayo ina yake irudiyo. Isiporudi, mashine huendelea kutii.

Juu kabisa ya "Kumsahaulisha Mjuzi" palikuwa na alama ya maneno ya pembeni. Mwenzake hakuwepo. Mashine ilikuwa imeimeza sura nzima, mpaka mwanzo wa sura ya pili, ambako kwa bahati karani fulani wa zamani alikuwa ameandika neno lake la pembeni na kulifunga kama mtu mwenye adabu.

Kidawa akaifuta miwani yake. Akaweka alama ya kufunga mahali pake, chini tu ya ile ya kufungua. Sura ikatokea yote kwenye skrini, safi, na amri yake fupi. Kazi ilimchukua muda wa kunywa nusu kikombe cha chai. Alifurahi kiasi cha kuona haya, akatazama pembeni kama kuna aliyemwona.

Alikuwepo. Kabla chai haijapoa aliitwa kwa Bwana Chogo, Mkuu wa Kitengo cha Nyaraka na Itifaki. Bwana Chogo hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mnene, mwenye kitambaa cha jasho begani, na alikuwa na tabia ya kufunga mlango kabla ya kusema jambo lolote, hata salamu. Akaufunga, akauliza kwa huzuni nani amemtuma kuifunga alama ile.

Kidawa akasema hakutumwa, ni kosa, alikuwa akilisahihisha. Bwana Chogo akamshika mkono kama mfiwa, akampeleka ukumbini, ambako Kidawa alikuwa amepita kila siku bila kuinua macho. Ukutani palikuwa na bamba la shaba, na juu yake picha kubwa ya kidole. Bamba lilisema: ALAMA HII ILIFUNGULIWA RASMI NA MHESHIMIWA DAKTA TINDWA.

Ndipo alipoelezwa. Siku Mwongozo ulipozinduliwa, Mheshimiwa Dakta Tindwa, waziri wa wakati ule, aliombwa aweke alama moja kwa mkono wake ili naye awe ameshiriki katika sayansi. Mtaalamu alimchagulia alama isiyo na madhara. Alipangiwa kufungua asubuhi na kufunga mchana baada ya chakula. Chakula kilipokwisha, Mheshimiwa alikuwa ameshaondoka kwenda kufungua daraja.

"Kwa hiyo wote mnajua," Kidawa akasema.

"Tunajua, Bi Kidawa. Nani asiyejua? Mke wangu mwenyewe hayupo tangu mfungo wa mwaka juzi. Wizara imeniandika mgane, na posho ya msiba nilipewa. Usiku nalala naye, mchana namwombea." Akajifuta jasho. "Lakini alama ya Mheshimiwa huwezi kuifunga wewe, daraja la pili. Hata mimi siwezi."

Siku hiyo hiyo alama ikafunguliwa upya, kimyakimya, na sura ikatoweka. Kidawa akaandikishwa barua ya kuiomba alama radhi, nakala kwa kidole.

*

Aliye juu mngoje chini, walisema wahenga, na Kidawa alingoja. Dakta Tindwa alikuwa amepanda cheo na kuwa Waziri wa Ufunguzi, wizara iliyoundwa baada ya kuonekana kwamba mawaziri wengine wanapoteza muda kwa kazi. Katibu wake alimpokea Kidawa kwa heshima, akamsikiliza mpaka mwisho, akamwonyesha ratiba iliyojaa mpaka ukingoni. Kuhusu kufunga, akasema, Mheshimiwa hafungi. Hajawahi. Hata vifungo vya koti lake hufungwa na msaidizi.

Nyumbani vidole viwili vya mzee viligeuka rangi. Sista Anatolia alikunja uso, akasema sasa ni mguu. Mzee Mbaruku, ambaye alikuwa ameanza kuzoea kutokuwepo, aliwatania wote wawili kwamba madeni ya mtu asiyekuwepo hulipwa na nani, na wale wanaosengenya humsengenya nani. Kidawa hakucheka. Alikuwa na hofu, na usingizi wake ulikuwa umekatika.

Katika hofu hiyo ndipo wazo lilipomjia, na alijuta baadaye kwamba lilikuwa zuri. Kama wakubwa wanapenda kufungua tu, je, kufunga hakuwezi kufunguliwa? Akaandika andiko fupi la kupendekeza sherehe ambayo nchi haijapata kuiona: Uzinduzi Rasmi wa Ufungaji. Mgeni rasmi angekata utepe, angehutubia, angepigwa picha ya kidole kwa mara ya pili. Kungekuwa na pilau.

Bwana Chogo alilisoma andiko lile na machozi yakamlengalenga. Alisema ameitumikia wizara maisha yake yote na hajaona akili kama hiyo. Waziri wa Ufunguzi akakubali siku hiyo hiyo, akashangaa tu kwa nini hakuna aliyelifikiria mapema. Kamati ikaundwa, nayo ikazaa kamati ndogo za mahema, za kitoweo, za vitenge na za wimbo. Kamati ya vitenge ilikwama kwenye rangi. Kila Kidawa alipobisha hodi kuuliza siku, aliambiwa jambo zuri halitaki haraka, na kwamba aliyesubiri muda wote huo hashindwi kusubiri mshono. Mguu wa mzee ukawa mzito, wa joto, na ukaanza kunuka. Sindano za Sista Anatolia ndizo zilizomshikilia.

Hatimaye Bwana Chogo akamwita kukagua mahali pa kufungia. Kidawa akamwonyesha kwenye skrini: hapa, juu ya sura ya kwanza, chini tu ya alama ya kufungua.

Bwana Chogo akaufunga mlango. "Hapa ni katikati, kati ya dibaji na sura zenyewe, Bi Kidawa."

"Ndipo alama inapotakiwa, Mkuu."

"Mheshimiwa katikati? Halafu baada yake waendelee kusema watu gani, sura ya kwanza na ya pili?" Alitikisa kichwa kwa upole. "Wewe umewahi kuona wapi mkubwa amesema, kisha akafuata mtu? Mkubwa ndiye anayefunga. Mheshimiwa atafunga mwisho wa kitabu, ukurasa wa mwisho."

Kidawa akamweleza. Akamweleza tena, polepole zaidi, akichora kwa kalamu kwenye karatasi ya bahasha: alama imefunguliwa huku, ikifungwa kule, vyote vilivyo kati ni maneno ya pembeni. Kitabu kizima kitamezwa. Bwana Chogo aliitazama bahasha kwa muda mrefu. Hakuwa mjinga, na hilo ndilo lililomuumiza Kidawa kuliko mengine yote, kwamba alikuwa amemwelewa.

"Nimekufahamu vizuri sana," akasema. "Sasa nifahamu na mimi. Nikimweka Mheshimiwa katikati, kesho ofisi hii ina mtu mwingine, na huyo mtu atamweka mwisho."

Kisha akakumbuka ile alama ya karani wa zamani, ile iliyofungwa kwa adabu mwanzoni mwa sura ya pili. Akasema haiwezekani karani afunge kabla ya waziri, ni utovu wa nidhamu, iondolewe. Ikaondolewa. Na ili Kidawa asije akajaribiwa na shetani, neno lake la siri la kuingilia Mwongozo likakabidhiwa kwa kamati ya kitoweo, iliyoaminika kuliko zote.

*

Siku ya sherehe jua lilikuwa zuri. Mahema yalijaa, vitenge vilipendeza, na kwaya ya wizara iliimba wimbo wenye beti nyingi kuhusu kidole. Kompyuta iliwekwa juu ya meza yenye kitambaa cheupe, ikavishwa utepe. Kidawa alipewa kiti nyuma kidogo ya wapishi.

Mheshimiwa Dakta Tindwa alisimama, akanyamaza ili apigiwe makofi, akapigiwa.

"Ndugu zangu, itifaki imezingatiwa," akaanza. "Wako watu wasioitakia mema nchi hii. Wanasema serikali inajua kufungua tu, kufunga haijui. Leo nawauliza, wako wapi? Leo tunafungua ukurasa mpya, ukurasa wa kufunga. Tutafunga mijini, tutafunga vijijini. Na nawaahidi, mimi niliyeanza jambo hili nitalimaliza kwa kidole kile kile."

Makofi yakarindima. Akatembea mpaka mezani. Skrini kubwa iliyotundikwa ilionyesha ukurasa wa mwisho wa Mwongozo, na kijistari kidogo kikipepesa, kikimngoja. Kidawa alimwona moyoni baba yake alivyomwacha asubuhi ile, mguu umeinuliwa juu ya mto, akimwuliza kama kweli leo atarudi kuwepo, naye akamjibu inshallah. Miguu yake ikamwinua yenyewe.

"Mheshimiwa," akasema kwa sauti ambayo hakujua kama anayo. "Si hapo."

Watu wakageuka. Kidole kikasimama hewani. Mshereheshaji, kijana hodari aliyezoea mambo, akakamata kipaza sauti: dada yetu amezidiwa na furaha, jamani, tumsaidie. Akina mama wakamsaidia kwa vigelegele, mahema yote, mpaka masikio yakaziba. Mkono mmoja ukamkalisha Kidawa kwa upole, mwingine ukamwekea sahani ya pilau mapajani. Alipoinua macho, kidole kilikuwa kimeshashuka.

*

Toleo jipya la Mwongozo lilitoka kwa karatasi ya kung'aa. Lina jalada, lina picha ya Mheshimiwa, lina dibaji yake ndefu, kisha linasema Tamati. Kamati ya uhakiki ililikagua na kuthibitisha kwamba kila alama iliyofunguliwa imefungwa, wala hakuna kosa hata moja. Ni waraka wa kwanza wa serikali kufikia usafi huo, na wageni kutoka nchi jirani wamekuja kujifunza. Kidawa alipandishwa kuwa Msahihishaji daraja la kwanza. Barua yake ya kupandishwa haikumfikia, kwa sababu tarishi alipouliza jina lake aliambiwa hayupo.

Wote hawakuwepo. Karani hutenda yaliyochapishwa, na hakuna kilichochapishwa kuhusu namna ya kumuuliza Mjuzi, wala kumjibu aliyekuja dirishani. Ofisi nzima nzima zilikaa zikitabasamu. Asiyeulizwa hana jibu, na asiye na jibu akaandikwa hayupo, kwa usalama. Mwisho wa mwezi taarifa zikasomwa redioni: katika Hospitali ya Taifa hakuna mgonjwa hata mmoja, magerezani hakuna mfungwa, na katika nchi nzima hakuna mtu asiye na ajira. Watu walisikiliza barazani, wakapongezana kwa uangalifu. Nami sijui nani alikuwa akimpongeza nani.

Sista Anatolia alikuja jioni ileile kama kawaida, bila mkoba. Langoni hakuna aliyeruhusiwa tena kumuuliza Mjuzi habari zake, wakamwandika hayupo, hivyo hawezi kuingia kazini. Alikuwa amebeba bakuli.

"Dada, nimeleta maji ya chumvi," akamwambia Kidawa. "Kingine sina."

Wakauosha mguu pamoja. Weusi ulikuwa umeshapita goti. Kidawa alilia wazi, akimwambia baba yake kwamba ni yeye, wazo lilikuwa lake, sherehe ilikuwa yake, laiti angenyamaza Sista angeendelea kuja na sindano. Mzee Mbaruku akamwachia alie. Homa ilikuwa imemkausha midomo. Baadaye akauliza, kwa hamu ya fundi, walichokifanya hasa ni kipi. Kidawa akamweleza: walianza huku, wakamaliza kule, kati hawakuacha kitu. Mzee akacheka kidogo, akakohoa.

"Ndivyo ninavyofanya mimi," akasema. "Ila mimi nilikuwa narudi kujaza."

Akaagiza ubao wake mmoja mdogo, rangi nyeusi na brashi. Wakamwegemeza. Upande wa kushoto akachora M, nzuri, yenye mabega. Akaupima ubao kwa shubiri, akachora u mwisho kabisa upande wa kulia. Kisha akaishusha brashi. Akasema amechoka, katikati atajaza Kidawa. Alfajiri hakuamka.

*

Majirani walimwosha na kumkafini, wakambeba. Kwenye makaburi ya mji palikuwa na karani mwenye meza na Mwongozo mpya unaong'aa. Akawapa pole wote, akamuuliza Kidawa jina la marehemu, kisha akajizuia, akasema kwamba samahani, hapaswi kuuliza. Asiyekuwepo hana kibali cha kuzikwa. Lakini palikuwa na kona upande wa ukuta ambayo makarani walikuwa wameiacha bila kuifunga wala kuifungua, na watu walikuwa wakifukia huko vitu vyao. Kona ilikuwa imekaribia kujaa. Akawaruhusu, akageukia upande mwingine ili asione.

Walipomaliza, Kidawa akakisimika kibao kichwani mwa kaburi, akatoa kwenye mkoba brashi na kopo la rangi la baba yake. Karani akaja mbio. Hakumfokea. Alimshika kiwiko.

"Usiandike, dada yangu, nakuomba," akasema. "Ukiandika jina atakuwa yupo. Na waliopo wanazikwa upande ule mwingine, ambao haujafunguliwa. Nitalazimika kumfukua."

Kidawa akaushusha mkono. Karani akainama, akakikagua kibao: herufi huku, herufi kule, na kati mbao tupu. Uso wake ukapata nafuu. Akasema hicho hakina tatizo, kimeanza na kimekwisha vizuri, kama hivyo kiache.

Watu wakaanza kutawanyika. Sista Anatolia alimngoja kando ya njia, na hakumharakisha. Kidawa akachuchumaa mbele ya kibao, brashi ingali na rangi, akapima kwa shubiri yake kutoka M mpaka u, jinsi alivyofundishwa utotoni. Nafasi ilikuwa imepimwa sawasawa. Herufi zote zilizobaki zingeenea.